Kitanda Kinachokua Nje

Seremala huyu aliitwa Mzee Futi tangu hajawa mzee, kwa sababu futi kamba haikumtoka shingoni. Wengine huvaa tai, yeye alivaa futi. Alipima milango ya watu na madirisha ya watu, na hata alipokaa kwenye benchi la zahanati kusubiri dawa ya kifua, alilipima benchi lenyewe, akatikisa kichwa kwa huruma, akajiuliza aliyelitengeneza alikuwa na haraka ya kwenda wapi. Kazi yake ilikuwa nzuri, tusimnyime haki yake. Mlango wa Mzee Futi ulifunga kimya, kama mtu aliyeamua kunyamaza. Ila kama ungetaka kuiona kazi yake, nyumbani kwake si pa kwenda. Huko ungekuta viti vinavyochechemea, meza iliyosaidiwa na tofali, na kitanda ambacho mkewe alikinunua kwa mtu aliyekuwa akihama, mguu mmoja umesimama juu ya kopo la rangi.

Mkewe alikuwa muuguzi wa zahanati, na mtaa mzima ulimwita Sista. Kazi yake ilikuwa ya kusimama. Alisimama kupima joto, alisimama kushika mikono ya watoto wanaoogopa sindano, alisimama kumsikiliza daktari anayezungumza akiwa ameketi. Zamu ikiisha, kitu alichotamani hapa duniani kilikuwa kimoja tu: kujinyoosha mahali palipo sawasawa. Na hicho ndicho alichokuwa ameahidiwa. Wakati wa uchumba, Mzee Futi, kijana wa maneno laini kama ubao uliotoka kwenye randa, alimwambia kwamba yeye hatalala kwenye mbao za dukani kama wake za watu. Angempandia mvule wake mwenyewe, na ukikomaa angeuchonga kitanda cha mbao pana zisizo na kiungo, kitanda cha kurithiwa na wajukuu. Sista akakubali. Mtu anayependa hukubali mengi. Alichosahau kuuliza ni mvule hukomaa lini.

Mche ulikuja umefungwa kwenye karatasi mbichi, mdogo kama kijiko. Nyuma ya nyumba kulikuwa na uwanja wa kutosha kupanda msitu. Mama mkwe, aliyekuja kuwaona, alinyoosha kidole kule mwisho wa uwanja, akasema mti ni mgeni, mpe nafasi, maana hujui atamleta nani. Mzee Futi akacheka kile kicheko cha fundi anayefundishwa kazi yake, kisha akamweleza mkwewe kwa heshima zote. Mti ukipandwa peupe, alisema, hujitawanya na kutoa matawi chini chini, na kila tawi ni kifundo ndani ya ubao. Mti uliobanwa hauna pa kwenda isipokuwa juu. Basi akauchimbia shimo kwenye kona, pale ukuta wa chumba cha kulala unapokutana na ukuta wa stoo, hatua moja kutoka dirishani, ili kuta ziunyime jua la pembeni, nao upande kulitafuta huku umenyooka kama mstari wa penseli.

Kwa hiyo msimwonee mtu huyu mkasema aliupanda mti karibu na nyumba kwa kutojua. Alijua. Alipiga hesabu. Nyumba nzima, pamoja na mke aliyekuwa ndani yake, aliitumia kama kalibu ya kunyooshea mti.

Na ubaya wa hesabu ile ni kwamba ilikubali. Mvule ulipanda, ukapanda, haukutoa tawi hata moja mpaka ulipoyapita mabati. Mzee Futi akawa anaupigapiga shina kwa kiganja, kama mtu na ng'ombe wake, na kumwambia Sista dirishani, "Kitanda chako kinakua nje, mama watoto." Sista, miguu yake imo kwenye beseni la maji ya chumvi, alitazama nje, akaona kweli kinakua. Aliona pia kwamba chumba hakipati tena upepo.

Lakini kitanda kimoja hakimalizi mvule. Mzee Futi akaanza kuugawa uliosalia. Kaka yake Sista, dereva wa lori mwenye sauti ya lori, aliahidiwa kabati la nguo. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliahidiwa meza ya ofisini yenye droo pande zote mbili. Fundi viatu wa nyumba ya pili aliahidiwa kochi. Kila alipochelewesha kazi ya mtu, au alipoalikwa mahali na hana cha kubeba, alikata kipande cha mvule kwa mdomo, akakitoa. Mti ulikuwa umesimama, majani yake yanapepea, kumbe ulishamalizika zamani.

Wenye ahadi zao walikuwa wakija kuzitembelea. Shemeji mtu akifika alipita nyuma kwanza kabla ya kusalimu, akagusa shina, akatazama juu, akauliza kabati linaendeleaje. Mwalimu mkuu alijua meza yake iko juu kidogo ya mabati, akiitazama kwa miwani. Na wote walikuwa na ushauri mmoja: usikatwe kwanza, uachwe unenepe. Wangeacha kusema hivyo kwa nini? Nyumba haikuwa yao.

Mizizi peke yake ndiyo haikuahidiwa kitu, basi ikajichukulia. Sakafu ya chumba cha kulala ikanyanyuka katikati kama tumbo la aliyeshiba, kitanda kikahitaji kopo la pili. Chini ya dirisha ukatokea ufa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na Mzee Futi alikuwa mtu wa kusikia la wahenga: aliuziba, ukafunguka, akauziba tena, akaupaka na rangi. Wahenga hawakusema la kufanya iwapo aliyeuleta ufa unamnywesha maji kila jioni.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa kwenye mlango wa chumba hicho. Fremu ilipoanza kupinda, mlango ukakwama, na mtu mwingine yeyote angejiuliza ni nini kinachoipinda fremu. Mzee Futi alichukua randa. Alipunguza kidogo juu. Baada ya mvua akapunguza chini. Kiangazi kikija alipunguza ubavuni, kisha ubavu wa pili ili usione wivu, mpaka mlango uliozaliwa na pembe nne nzuri ukawa na umbo ambalo mwalimu mkuu alikiri halimo katika kitabu chochote cha hisabati. Ulipofungwa, aliyepita ukumbini alimwona aliyemo ndani kuanzia kifundo cha mguu mpaka goti. Hata hivyo fundi alijisifu kwamba kwake hakuna mlango unaokwama, na hakudanganya. Uliobaki haukutosha kukwama.

Sista alisema. Alisema kwa upole, akasema kwa ukali, akasema kwa kunyamaza. Kila aliposema, mumewe alitoka nje na futi yake, akaukumbatia mvule kuupima, akarudi na habari njema: umenenepa, ila moyo wa mti haujaiva, tuupe muda. Sista alikuwa akisikia maneno hayo kwa madaktari kuhusu wagonjwa wasiopona.

Asubuhi moja alirudi kutoka zamu, akakuta linta imeshuka juu ya mlango wa chumbani na mlango umebanwa kama jino. Mumewe alikuwa amekwenda kupima madirisha ya mtu. Alisukuma kwa bega, alisukuma kwa nyonga, kisha akazunguka nyuma aingie kwa dirisha, akiwa na sare yake nyeupe. Sasa ile hatua moja iliyoachwa kati ya mche na dirisha, mti ulikuwa umeshaila. Sista alipitisha mguu, akapitisha kiuno, na kiuno kikakataa kwenda mbele wala kurudi. Akawa amekwama hapo, kati ya kitanda chake na chumba chake cha kulala.

Alitolewa na fundi viatu, aliyemvuta kwa mikono huku akimpa pole, na ambaye baada ya kumtua chini aliinama kuangalia kama kochi lake halijakwaruzwa na vifungo vya sare.

Jambo hilo Sista aliliona. Alivuka uwanja, akaingia kwenye banda la useremala. Banda lenyewe lilianza kama kibanda cha kufichia benchi mvua isilipate, kule kule mama mkwe alikoonyesha kidole, kisha Mzee Futi akaliongeza kwa ajili ya mashine, akaliongeza kwa ajili ya mbao, mpaka paa lake likaja kusimama jirani kabisa na mvule. Upande wake wa nje ulikuwa wazi kwa barabara, ili wapita njia waone kazi. Humo ndani kulikuwa na kitanda kipya, kimepigwa msasa na vanishi, kinamsubiri mwenyewe. Sista akavua viatu, akapanda, akalala palepale na sare yake.

Wenyewe walikuja mchana, bibi harusi mtarajiwa pamoja na shangazi yake. Wakakuta watu wamesimama barabarani wanachungulia, na muuguzi amelala katikati ya kitanda chao, mdomo wazi, anakoroma kwa amani. Shangazi alimsubiri Mzee Futi afike, kisha akamwuliza kwa adabu kama huyu naye yumo kwenye bei.

Sista alifungua jicho moja.

"Hiki kimenyooka, Fundi," alisema. "Kumbe unajua."

Mzee Futi alisikia vizuri kwamba hakuitwa baba watoto. Aliitwa Fundi, kama mteja anavyomwita. Na mkewe akamweleza mbele ya wageni, bila kupandisha sauti, kwamba kuanzia leo kila kitanda kitakachotoka mikononi mwake atakijaribu yeye kwanza, zamu baada ya zamu, mpaka siku mvule utakapoondoka dirishani. Halafu waone ni bibi harusi gani atachukua kitanda kilicholaliwa na mke wa mwingine. Shangazi alikuwa ameshaanza kuondoka.

Ndipo mkata miti alipoitwa. Alikuwa jamaa mrefu mwenye msumeno wa injini na mdomo usio na swichi. Habari zilikuwa zimemtangulia, kwa hiyo alikuta hadhira: shemeji mtu ameegesha lori, mwalimu mkuu amekuja na baiskeli, fundi viatu amefunga kibanda chake mapema. Hakuna aliyeleta shoka wala kamba. Walileta macho. Mzee Futi alitoa maagizo kama anayemkabidhi mtu mtoto mchanga: ukatwe chini kabisa, ulazwe polepole, gome lisichubuke.

Mkata miti alitaka kuuzunguka mti autazame, ukuta ukamzuia. Akarudi, akajifuta mikono.

"Mzee, unataka nikulazie wapi?"

Akamwonyesha. Huku ni nyumba yako. Kule ni nyumba ya jirani yako, na naona mwenyewe yupo, ananiangalia. Hapa nyaya za umeme na barabara. Pale banda lako. Mti wa namna hii, alisema, hauangushwi, unashushwa: unapandwa, unafungwa kamba, unakatwa kutoka juu vipande vya urefu wa mkono, kimoja kimoja. "Nikiuangusha mzima utapata mbao safi sana," alimalizia. "Utazihitaji, za kujengea nyumba nyingine."

Mzee Futi alikaa kwenye benchi. Mtu aliyepima kila kitu mjini hakuwahi hata siku moja kupima mahali pa mti kulalia. Urefu aliujua, unene aliujua, idadi ya mbao aliijua mpaka vipande vya pembeni. Vipande vya urefu wa mkono vinatoa vigoda, na yeye alikuwa ameahidi makabati.

Kisha uso wake ukang'aa. Akasimama, akakitazama chumba cha kulala, akanyoosha futi kutoka shinani mpaka ukutani, na kutoka ukutani mpaka upande wa pili. Akasema ule ukuta si umeshapasuka hata hivyo. Kama mabati yangetolewa, ni kazi ya asubuhi moja tu, na ukuta ukasukumwa, mvule ungelala mle ndani vizuri kabisa, mzima, bila mkwaruzo. Nyumba wangeijenga tena baadaye. Shemeji mtu akaitikia kwa kichwa. Mwalimu mkuu akasema hilo ni wazo. Fundi viatu akataka uhakika mmoja tu, kwamba utaelekea chumbani na si kwake.

Hawakuwa wamemwona Sista, aliyekuwa amesimama nyuma yao na ndoo ya maji ya kunywa ya mkata miti.

"Miaka yote hii nilidhani ulipanda mti karibu na nyumba," alisema, polepole, kama anavyowaambia watoto kwamba sindano haiumi. "Kumbe ulijenga nyumba karibu na mti."

Akaitua ndoo, akamgeukia mkata miti. "Panda, mwanangu. Vipande vya mkono."

Vikaanza kushuka. Kila kipande kilipotua ardhi ilitikisika, na mmoja wa wageni alitikisika nayo. Kabati la shemeji mtu lilifika chini likiwa na ukubwa wa ngoma. Alilizunguka, akaligusa, akauliza kwa sauti ambayo haikuwa tena ya lori kama haliwezi kuunganishwa. Meza ya mwalimu mkuu ilikuja kwa vipande viwili, kila kimoja kinatosha droo, na droo peke yake haina pa kuingia. Sista akawa mkarimu. Ahadi ni deni, aliwaambia, kila mtu achukue chake asije akasema nyumba hii ina watu waongo. Shemeji mtu aliliviringisha kabati lake kwa mguu mpaka kwenye lori. Mwalimu mkuu alifunga droo zake nyuma ya baiskeli, ikainua gurudumu la mbele. Fundi viatu alilikalia kochi lake palepale kulijaribu, akasema kwa kweli si baya. Ilipofika zamu ya kufagia maranda na kubeba matawi, wote watatu walikumbuka shughuli zao.

Lilibaki shina, kutoka ardhini mpaka usawa wa mabati: sehemu nene kuliko zote, iliyonyooka kuliko zote. Mkata miti akazima injini, akashuka. Hili, alisema, sasa ni fupi, naweza kuliangusha lenyewe, zima, kwa mkato mmoja. Linatoa kitanda na kubakisha. Ila pa kulala ni mahali pamoja tu. Akanyoosha kidole kwenye banda.

Mzee Futi aligeuka akalitazama banda lake. Akaanza kueleza. Banda ndilo linalomlisha. Nguzo zake zimeshikana na ukuta wa mashine, na mashine zikihama hupoteza usawa. Mabati yale yakitolewa yatavuja yakirudishwa. Wateja wamezoea njia ile. Halafu kuna umeme mle ndani, si kitu cha kuchezea. Yule yule aliyekuwa tayari kufungua paa la chumba cha mkewe kwa asubuhi moja, sasa kila msumari wa banda ulikuwa na ukoo wake na historia yake.

Sista alikaa kwenye kipande kimoja cha mvule, akanyoosha miguu yake iliyovimba, akatazama paa la chumba cha kulala. Akatazama paa la banda. Akarudi kulitazama la chumba. Shingo yake ilikuwa inakwenda na kurudi taratibu, haina haraka, na mkata miti naye, bila kukusudia, akaanza kuifuata kwa macho. Maelezo ya Mzee Futi yakawa mafupi. Yakawa maneno mawili matatu. Kisha akachukua nyundo ya kung'olea misumari, akapanda juu ya banda.

Alilibomoa mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Shina likaanguka pale pale benchi lake liliposimama siku zote, likatoa sauti moja nzito. Mzee Futi alipiga magoti penye mkato, akapitisha kiganja. Rangi ya dhahabu, mistari imenyooka, hakuna kifundo hata kimoja, na lilipopasuliwa mbao zikawa vilevile mpaka moyoni. Kuhusu ubao alikuwa amesema kweli tangu siku ya mche. Mtu anaweza kuwa na haki kabisa kuhusu ubao na akawa amekosea kuhusu kila kilichouzunguka.

Mwashi akaja, akauvunja ukuta wenye ufa, akajenga mwingine, akaking'oa kile kitambi cha sakafu, akasawazisha. Sista alikuwa akilaza godoro sebuleni, na kitanda cha makopo alikitoa nje kwa mkono wake. Mbao zilikuwa uwanjani, zimefunikwa mabati ya banda, na mawingu yalikuwa yanajikusanya. Mzee Futi alimfuata mkewe jikoni, sauti iko chini kama ya mtu anayekopa. Mbao mbichi, alieleza, hazichongwi kitanda. Zitapinda kama mkia wa mbwa. Lazima zipangwe kwanza, zikauke kwenye kivuli, juu ya sakafu iliyo sawa, chini ya paa zuri, na uzito juu yake. Banda, kama mama watoto ajuavyo, halipo. Kwa hiyo alikuwa akiwaza, ni wazo tu, kile chumba.

Alijiandaa kwa lolote. Sista akasema sawa, ila azipange vizuri.

Alizipanga kama hajawahi kupanga mbao. Safu ya mbao, vijiti vya kupitisha hewa, safu nyingine, katikati ya chumba, anakagua kila safu kwa pima maji, mpaka rundo likafika usawa wa goti, pana, limetulia, halichechemei popote. Chumba kikajaa harufu ya mvule. Akatoka kwenda kutafuta mawe ya kulikandamiza.

Aliporudi na jiwe la kwanza kifuani, alikuta godoro limeshatandikwa juu ya mbao, na shuka juu ya godoro, na Sista juu ya shuka, miguu imenyooka, mikono imelegea, uso umeelekea dirishani kunakoingia upepo.

"Zinakauka lini?" aliuliza bila kufumbua macho.

Mzee Futi, amelikumbatia jiwe mlangoni, alieleza kwa uaminifu. Kwa unene ule ni mwaka, labda miwili, inategemea mvua. Zikishakauka atazitoa mle ndani, atazipiga randa, ndipo aanze kitanda chenyewe.

"Utazitoa uzipeleke wapi," akasema Sista, usingizi umeshamshika ulimi, "na mimi niko juu?"

Mzee Futi akarudi nje, kutafuta pa kuliweka jiwe.